Kiganja Alichokiona Rosette

Kila asubuhi, kabla hajawasha makaa, Rosette husimama mlangoni pa nyumba yake ya mbao huko Kadutu, hufungua kiganja cha mkono wa kulia na kukielekeza kwenye mwanga. Hukitazama kimya, kisha hukifunga na kwenda kuchukua beseni lake la sambaza, dagaa wa ziwani anaowauza.

Jirani yake Bintu, ambaye hawezi kuuza hata nyanya moja bila utani, hamwachi.

"Maman Rosette, leo mukono inasema nini? Ziwa itatupatia samaki?"

"Inasema uache umbea."

Wote wawili hucheka na kuteremka kwenda sokoni.

Rosette alikua bila kanisa. Baba yake, fundi wa paa kule Miti, aligombana na watu wa parokia kabla yeye hajazaliwa, na hakumpeleka mtoto yeyote kubatizwa. Alipoolewa na Gentil, mama mkwe wake, maman Bibiane, alimbembeleza kila Jumapili. Rosette alibaki akianika sambaza. Hakuwa na ubishi. Mungu kwake alikuwa kama shamba la jirani: lipo, lakini halikuhusu.

Mwaka juzi mimba yake ya kwanza ilitoka, ikiwa na miezi sita. Kwa kina Gentil, mwanamke wa namna hiyo haonyeshwi kilichotoka. Wanasema akiiona sura, moyo utabaki nyuma na tumbo halitafunguka tena. Kwa hiyo pale kituo cha afya maman Bibiane alipokea kifurushi cha kitenge, akakiweka juu ya kiti, akamwambia kwa upole, kama anayemfunika mgonjwa blanketi:

"Usilie, mutoto yangu. Ni damu tu. Haikuwa mutu bado."

Akatoka kumtafuta Gentil aje na jembe.

Rosette aliamini. Alinyoosha mkono ili aiage hiyo damu tu. Akafungua kitenge.

Alikuwa mvulana. Angeenea kwenye sahani ya kupimia sambaza. Alikuwa na kucha, kila kidole na ukucha wake, mwembamba kama gamba la samaki. Miaka yote vitu vidogo vilipita mikononi mwa Rosette kwa makopo bila yeye kukitazama hata kimoja. Sasa alikifungua kile kiganja kwa ncha ya kidole, akaona mistari. Yote ilikuwepo: ule unaopinda chini ya kidole gumba, na ile miwili inayokatiza katikati. Mikunjo ya mkono wa kushika titi, kushika jembe, nao usingeshika kitu. Ni nani aliyehangaika hivyo gizani kwa ajili ya mtu ambaye wenzake watamwita damu?

 Alishuka kitandani, akapiga magoti kwenye sementi baridi, yeye ambaye hakufundishwa na mtu kupiga magoti. Hapo ndipo kilio kilipomtoka.

Maman Bibiane alimkuta hivyo.

"Umefungua," alisema.

"Maman, iko na kucha."

 Mama mkwe alikifunga kitenge, akaondoka nacho. Walimzika katikati ya migomba ya kina Gentil kule Mudaka, na mpaka leo Rosette hajaonyeshwa mahali. Gentil akiulizwa hutazama pembeni. Tumbo nalo halijafunguka tena. Maman Bibiane hulitazama tu.

Alipopata nguvu za kutembea, Rosette alienda kwa papa Élie, mzee katekista wa parokia.

"Wengi wa umri wako wanakuja juu ya ndoa," papa Élie alimwambia. "Wewe ni nini imekuleta?"

"Nimeona kazi yake. Nataka kumujua mwenye aliifanya."

Akasoma mafundisho benchi moja na watoto, magoti yakigonga meza.

Jumamosi kabla ya Pasaka ya mwaka huu, Chancelle, dada mdogo wa Gentil, alimsaidia kunyoosha gauni jeupe la ubatizo. Chancelle anasoma chuo kikuu na huongea na vitabu zaidi kuliko na watu. Kisa chote alikijua, ila hakuwahi kukigusia. Pasi ya makaa ilikuwa inaanza kupoa alipouliza, bila kuinua macho:

"Dada Rosette, kama Mungu anajua kutengeneza hivyo, juu ya nini hakumuacha mutoto aishi?"

Rosette alipitisha kiganja juu ya mkunjo uliobaki.

"Sijui," alisema. "Najua tu, ile mistari ya mukono si mimi niliichora."