Kadi ya Wenye Doa

Miezi ile nilikuwa nikiota nikiwa macho. Napiga pasi, nakoroga uji, ndege inapita juu ya bati letu pale Kipawa na vyombo vinatetemeka kabatini, na mimi naiona mashine ya kudarizi. Ina sindano sita, kila moja na uzi wa rangi yake, na nembo za shule zinajitokeza zenyewe kwenye mifuko ya mashati meupe. Mume wangu aliniita mara tatu ndipo nikaitika. Alinitania kwamba nimepata mume wa pili, wa chuma.

Mashine yenyewe ilikuwa nje ya nchi, na muuzaji alitaka alipwe yote kwa kadi. Mimi nilikuwa na theluthi tu ya bei. Nikapanga nichukue kadi ya mkopo, nilipe, kisha niwe narudisha kidogo kidogo shule zikifunguliwa Januari na wazazi wakija na sare zao. Bila hivyo Januari ingenipita nimeinamia cherehani yangu ya miguu, nembo moja nusu siku.

Benki niliyoingia ilikuwa Kinondoni. Ubaridi wa mle ndani unalevya. Ukitoka kwenye jua ukakaa kwenye kile kiti laini, akili inaanza kuelea, na sauti za watu zinakufikia kutoka mbali. Ofisa wa mikopo alikuwa dada mdogo kwangu, anayeongea polepole kana kwamba anambembeleza mtoto alale. Aliingiza namba ya kitambulisho changu cha taifa, akasubiri, akakunja uso.

"Dada, jina lako lina doa. Kuna mikopo ya simu haijalipwa."

"Mie sijawahi kukopa kwenye simu!" Nilisema kwa ukali hadi watu wa foleni wakageuka. Nina mdomo, sikatai.

Akanisomea namba ya simu, tarakimu moja moja. Alipofika katikati nikaijua. Ilikuwa laini ya baba.

Baba yangu ni mchonga vinyago, mtu wa kusini, anaishi Mbagala. Wakati laini zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka. Mtaani watu walikuwa wakisajiliana bila kufikiri mara mbili, nami nikaweka kidole changu, akapata laini, tukanywa soda, tukasahau. Baadaye akaanza kuikopea. Mikopo ile hujikata yenyewe kila pesa inapoingia, na alipoona laini inameza kila anachotumiwa, akafanya wanavyofanya wengi: akaitupa, akanunua nyingine. Aliamini deni limekwenda na laini. Aliniambia tu kwamba laini ile ilikuwa na mkosi, nami nikacheka.

Sasa sikucheka. Nilimkasirikia mzee wangu, nikamgombeza kimoyomoyo pale kitini, maneno ambayo nisingethubutu kuyatamka mbele yake.

Ofisa aliniwekea njia mbili mezani. Ya kwanza, nijaze fomu kwamba si mimi niliyeitumia laini ile, nimtaje aliyeitumia, naye ataitwa atoe maelezo, pengine hadi polisi. Jina langu likisafishwa nitapata kadi kubwa, ya kutosha mashine. Ya pili, nilipe deni mwenyewe na nichukue kadi ya wenye doa. Naweka amana, benki inaifungia, na mwisho wa kutumia ni kiasi kile kile nilichoweka. Natumia, narudisha kwa wakati, mwezi baada ya mwezi, mpaka jina litakate.

"Yaani nakopa hela yangu mwenyewe?"

"Ndo hivyo, dada. Ila uaminifu wako unaonekana."

"Na mashine je?"

"Kwa hiyo ya pili, mashine labda mwakani."

Nitasema ukweli: nilichagua ya kwanza. Nilishika kalamu, nikaandika jina langu na anuani. Kisha nikaomba karatasi ya ile mikopo ili ninakili tarehe. Ilikuwa na mistari mitatu. Miwili haikunikumbusha kitu. Wa tatu, wenye kiasi kikubwa kuliko yote, ulikuwa na tarehe aliyozaliwa mwanangu.

Siku ile nilikuwa wodini, nimeambiwa nitapasuliwa, mume wangu yuko safarini na pesa hazitoshi. Nakumbuka feni ya darini ikizunguka taratibu, na simu ikitetemeka chini ya mto. Baba alikuwa ametuma pesa. Nilipompigia alisema ameuza kinyago kikubwa kwa mgeni, nisiwe na wasiwasi. Nikalala kwa dawa huku nikimwona mgeni huyo akitembea ufukweni, kinyago begani, anatabasamu. Nilimwombea dua kwa miaka, mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

"Aliyeitumia laini anaitwa nani?" ofisa aliuliza.

"Ni mimi," nilisema. "Nilikuwa nimesahau."

Akaichukua ile fomu na kuichana mara mbili.

Januari ilikuja ikapita. Nilikanyaga cherehani hadi magoti yakavimba, na kazi nyingi zikaenda kwa wenye mashine. Iliniuma, na siku nyingine bado inaniuma.

Jumapili moja baba alikuja Kipawa kutusalimia. Nilimpa shikamoo, akaketi, akaiona kadi kwenye meza na kuiokota. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya herufi zilizotokeza, taratibu, kama anavyoukagua mpingo kabla hajaukata. Akafika jina la pili.

"Kumbe na mie wameniandika humu!"

"Ndo jina langu hilo, baba. Natembea nalo popote."

Alifurahi. Aliifuta kadi kwa pindo la shati, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Basi litunze, mwanangu. Jina hilo halijawahi kudaiwa na mtu."

"Naam, baba," nilisema, nikammiminia chai.