Jiwe la Nyundo

Ukiamini kila unachoambiwa, jambazi Nyundo alilala katika kila shimo kuanzia Adams Arcade, Nairobi, hadi Kinoo. Kuna ukuta unaosemekana aliuruka akiwa na pingu mikononi. Kuna kona ya Waiyaki Way alikodandia malori ya sukari na kuwarushia magunia akina mama wa Kangemi. Mimi sikumwona, alipigwa risasi kabla sijazaliwa. Lakini jiwe lake nalijua, maana nimefulia juu yake nusu ya maisha yangu.

Liko bondeni, pana kama kitanda, na mto unapita kando yake. Wanasema siku polisi walipomfuata hapo, wanawake waliokuwa wakifua waliulizwa jina la yule aliyejitanda leso na kuinama katikati yao, akisugua shuka. Hakuna aliyemtaja Nyundo. Tangu hapo ikawa desturi: pale jiweni mtu haitwi jina. Ukiteleza ukaita, unamwagiwa maji, hata uwe mjamzito, hata uwe mke wa pasta.

Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa ajuza tuliyemwita Shosho tu, yaani nyanya, aliyefua nguo za watu pale kila siku. Alikuwa mkali. Watoto wote wa mtaa walikuwa wameonja karai lake.

Jumamosi moja kabla ya uchaguzi nilikuwa pale na jirani yangu, Mama Kevo. Alinishtaki kwa Shosho kwamba nachovya mkono kwenye sabuni yake.

"Sabuni ya kuiba ndiyo hutakatisha," Shosho akasema. "Muulizeni mwenye jiwe."

Tulicheka hadi shuka langu likachukuliwa na maji.

Kisha matokeo yakatangazwa, na mtaa ukageuka. Vijana walisimama njiani na mapanga wakidai vitambulisho, kwa sababu jina ndilo lililosema wewe ni wa kabila gani. Langu lilikuwa jina baya upande ule. Nyumba za jirani zilipoanza kuchomwa, Mama Kevo alikuja mlangoni kwangu.

"Funga mtoto mgongoni. Barabara imefungwa. Tunapitia mtoni, uende kwa mamako Kinoo."

"Na wewe?"

"Mimi hawanisumbui. Twende."

Tulimkuta Shosho jiweni, anafua kana kwamba hakuna moshi. Karibu naye walisimama vijana. Kiongozi wao nilimjua kwa sura. Aliosha magari karibu na soko na alinunua chapati zangu. Siku hizo sura haikutosha.

"Simama hapo. Unaitwa nani?"

Nilikaza leso ya mtoto mgongoni.

Alinyanyua panga.

Maji yakampiga usoni.

Shosho alikuwa amesimama, karai tupu mkononi. "Hapa mtu haulizwi jina. Ulijua hivyo ukiwa mdogo. Umesahau?"

Povu lilimteremka kijana shingoni. Aliwatazama wenzake. Nao walikuwa wamekulia pale, na kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake.

"Pole, Shosho," akasema. Kisha kwangu, bila kuniangalia: "Pita, mathe. Haraka."

Nikapita. Nilitaka kumshukuru Shosho, lakini alikuwa ameshainama kwenye nguo zake.

Waliokuja siku chache baadaye walitoka upande wa kwetu, kulipiza kisasi. Hao hawakukulia jiweni. Mama Kevo alikuwa amejificha kwenye matete, na ndiye aliyenisimulia. Walimuuliza Shosho jina. Akawaambia hapa mtu haulizwi jina. Wakauliza tena. Akachota maji.

Walimuua pale pale.

Mambo yalipotulia nilirudi kumzika. Pasta alisoma jina lake kutoka kwenye kitambulisho, na makaburini tukageukiana, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kulisikia. Lilikuwa jina la kwetu. Jina la kabila langu, na la wale waliomuua. Angelitamka wangempisha, pengine wangemwita mama. Mama Kevo alinishika mkono na sikuweza kumtazama.

Wako wanaosema alikufa kwa ukaidi. Mimi nina mtoto ambaye sasa amenipita kimo, na yeyote akisema hivyo mbele yangu tunakosana. Nyundo alikuwa na miguu ya kukimbia na ukuta wa kuruka. Shosho alikuwa na karai.

Siku hizi vijana huleta wageni kuonyeshwa jiwe la Nyundo. Huwa nawaacha waseme, wanasema vizuri. Juzi mgeni mmoja, mwenye heshima zake, alisikia nikisimulia habari za Shosho. Akachuchumaa kando yangu pale jiweni na kuuliza aliitwa nani hasa.

Nilimmwagia karai zima.