Mwanza Isiyo na Ziwa

Mimi ndiye mtu wa kwanza kurusha ndege pale Igogo, Mwanza. Wapo watakaobisha, hasa wale wenye vyeti, lakini wao walikuwa wapi? Ndege yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa sebuleni kwangu juu ya meza ya mninga, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ili isiingie vumbi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, sangara walikuwa wanakatwa minofu na kupanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliokuwa macho tukapanda pamoja nao bila kutoka Mwanza. Nilianza kwa kubeba mapanki kwa baiskeli, yale mafupa na vichwa vilivyobaki viwandani. Nikahamia kwenye barafu. Nikapata mitumbwi ya injini, kisha lori. Shule niliacha darasa la nne kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Wenzangu waliobaki darasani wengi wao nimeshawapa lifti.

Wakati huo kila aliyepata kidogo alifunga dishi juu ya paa ili majirani walione. Mimi nikanunua kompyuta. Mhindi mwenye duka mjini akaniuliza naitaka ya kazi gani. Nikamjibu ya kazi. Akaniangalia vizuri, akaniwekea na sidii ya mchezo wa kurusha ndege pamoja na kijiti cha kuiongozea. Yule bwana alikuwa anajua wateja wake. Kazi ya kompyuta sikuipata mpaka leo, lakini ndege niliijua ndani ya msimu mmoja wa mvua. Nilitua London bila pasipoti. Nilitua Amerika kwenye upepo wa ubavuni na sikumwagika hata kidogo. Nawajua watu waliosoma mpaka wakapata miwani ambao hawajawahi kufika hata Entebbe.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa anaishi Sengerema, na mwaka huo aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga vibaya. Daktari akasema apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe upya, na asipopelekwa mapema hatatembea tena maisha yake yote. Kwa treni haikuwezekana, maana nyonga ile hata kikohozi ilikuwa haikitaki. Ilibaki ndege. Tiketi haikuwa shida, mimi nipo.

Mama mkwe akasema hapandi.

Siyo kwamba ndege alikuwa haijui. Ndege za minofu zilimpitia juu ya paa zikiguna kama mtu aliyeshiba vibaya. Shida yake ilikuwa moja tu, na alimweleza mke wangu hivi: "Kivuko cha Busisi unaona ng'ambo. Nahodha anaona anakokwenda, na mimi naona anakokwenda. Hiyo ndege ikishaingia mawinguni, huyo lubani anajuaje njia? Akipotea juu ya ziwa, anamuuliza nani?"

Daktari alimweleza akashindwa. Padri naye akaenda kumwambia kwamba Mungu yuko kila mahali, hata angani. Mama akajibu kuwa habari za Mungu anazo, yeye ameuliza habari za lubani.

Nikamwambia mke wangu, mlete kwangu nimwonyeshe. Nitaruka kutoka Mwanza, nitazunguka ziwa lote, nitarudi kutua palepale, na yeye ataona njia yote kwa macho yake kana kwamba amekaa na rubani mbele. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mchezo ule ulikuwa na viwanja vya dunia nzima, hata vya vijiji vya Wazungu ambavyo wenyewe wamevisahau, lakini Mwanza haukuwa nayo. Mji huu wote, na biashara zake zote, ukiujia kwa ndege ulikuta ziwa na kando yake nyasi. Nilichukulia kama nimetukanwa mimi binafsi.

Nikaulizia, nikaambiwa viwanja vinaongezwa. Nikaagiza mtaalamu kutoka Dar. Akaja na tai, mkoba na disketi tatu, na neno moja alilolipenda kuliko mama yake.

"Kimsingi, bosi, tunaongeza mandhari," alisema. "Uwanja tunautengeneza sisi wenyewe, tunauweka kwenye folda yake, halafu tunaujulisha mchezo kwamba upo."

"Yaani uwanja wa Mwanza uko ndani ya hizo disketi?"

"Kimsingi."

"Na ghala langu la barafu?"

"Ghala gani, bosi?"

Nikamwelekeza aliweke kando ya njia ya kurukia, mama mkwe alione alijue. Kwa kweli ghala langu halipo uwanjani, liko mjini, lakini kama mtu unajengewa uwanja nyumbani kwako huwezi kukosa kiwanja chako humo. Akalijenga, likawa kubwa kuliko jengo la abiria.

Kazi ilichukua siku nzima. Disketi ya pili iligoma, akawa anaitoa na kuipuliza kama uji wa mtoto. Umeme ukakatika katikati, nikawasha jenereta. Mwisho programu ikataka kujua uwanja uko wapi duniani, kwa nyuzi za ramani. Hapo mtaalamu akakwama. Alikuwa Mwanza, amekula samaki wa Mwanza, amelala Mwanza, na hakujua Mwanza iko wapi.

Nikamwita jirani yangu, mwalimu wa jiografia, akaja na atlasi yake mpaka kwenye uzio. Akasoma kwa sauti ile ya darasani, kwamba Mwanza ni nyuzi mbili na nusu hivi kusini, na thelathini na tatu hivi mashariki. Mtaalamu hakuwa na karatasi, mkoba wote ule. Akaandika kwenye kiganja chake, akarudi ndani, akaingiza, akaniambia tayari. Nikamwambia asiondoke mpaka Jumapili. Mafundi wote nawafanyia hivyo, haondoki mpaka kitu kifanye kazi mbele ya mwenye shida.

Jumapili baada ya misa mama mkwe akaletwa, kavuka Busisi amebebwa pamoja na kiti chake. Kwetu mtu hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hamtazamani usoni, wala hamsemeshani moja kwa moja. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye korido, mlango wazi, kanga imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na mimi nikakaa sebuleni nimempa mgongo. Kwa rubani hilo halina taabu, rubani hamtazami abiria. Mke wangu akasimama mlangoni kupitisha maneno, ingawa tulikuwa tunasikiana vizuri sana.

"Shikamoo mama," nilisema kuelekea kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwambie marahaba. Mwambie aanze, nyonga inauma."

Nikafungua. Uwanja ukatokea, njia ndefu, mnara, na ghala langu likitawala. Nikasikia mama mkwe anamuuliza mke wangu kama lile ni ghala la barafu. Akaambiwa ndilo. Nikaona mambo yameiva. Nikavuta, ndege ikaruka vizuri, nikageuza kidogo ili wote waone ziwa.

Nyasi.

Nikageuza upande wa pili. Nyasi. Nikaelekea kaskazini, ambako mtoto yeyote wa Igogo anajua kuna maji mpaka macho yachoke. Nyasi, na nyasi nyingine nyuma yake.

"Muulize mkwe wangu ziwa liko wapi," mama mkwe alisema.

"Baba watoto, mama anauliza ziwa liko wapi."

"Mwambie linakuja."

Nikamgeukia mtaalamu kwa sauti ya chini. Ile tai ilikuwa imeanza kumbana. Akasema kimsingi inawezekana dira ya mchezo imegeuka, nijaribu kusini. Mimi nimezaliwa kwenye mawe ya ziwa hili na leo mtu wa Dar ananielekeza nilitafute ziwa njia ya Shinyanga. Lakini kama rubani mbele ya abiria huwezi kubishana na fundi wako. Nikaenda kusini. Yeye akabonyeza kitu cha kuharakisha safari, nyasi zikawa zinapita mbio.

Baada ya muda kikatokea kidimbwi cha buluu, chembamba, kimejinyonganyonga.

"Ziwa hilo," alisema mtaalamu.

"Hilo?"

"Kimsingi wamelipunguza, bosi. Ziwa zima haliwezi kuenea kwenye memori."

Kisha mama mkwe akasema taratibu, "Mwambie mkwe wangu nimelivuka leo asubuhi. Lilikuwa halijapungua."

Nikapita juu ya kile kidimbwi bila kukisalimia. Nikaendelea kusini. Mama mkwe akawa anauliza kila baada ya dakika chache: tumefika wapi, na mke wangu ananiuliza, na mimi najibu karibu tunafika, na yeye anasema, "Kapotea." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayethibitisha jambo alilolisema tangu zamani, na aibu niliyoiona ilinipanda mpaka masikioni. Nyonga ya yule mama ilikuwa inaniponyoka mkononi, na aliyesababisha alikuwa amekaa pembeni yangu anajipepea kwa disketi.

Ndipo ziwa likatokea. Ziwa lenyewe sasa, siyo dimbwi, limejaa kioo kizima mpaka mwisho. Mke wangu akapiga kigelegele. Na pale ukingoni, upande wa kulia, njia ya ndege imenyooka imeishia majini. Sikuuliza mtu. Nikashusha magurudumu, nikapunguza mwendo, nikazunguka juu ya maji, nikatua laini kiasi kwamba kama ungekuwa na kikombe cha chai kisingetikisika. Nikasimamisha. Nikasema kwa sauti ya kuwatosha wote, "Mwambie mama, tumefika Mwanza."

Kisha mama mkwe: "Muulize ghala lake liko wapi."

Nikatazama. Ghala hakuna. Nikazungusha ndege huku na huku. Majengo yapo, mnara upo, lakini lile ghala ambalo usingeweza kutoliona hata ungekuwa kipofu, halipo.

Mtaalamu akasogea akasoma maandishi ya Kiingereza pembeni ya kioo. Akasoma mara ya pili. Hakutumia neno kimsingi.

"Entebbe," alisema.

"Entebbe ya wapi?"

"Ya Uganda, bosi."

"Nionyeshe kiganja," nilimwambia.

Hakutaka. Nikamshika mkono mwenyewe. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka: 2½ K, 33 M.

"K ya nini hii?"

"Kaskazini."

"Mwalimu alisema kusini."

Akakitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Kusini pia ni K," alisema polepole.

Ndivyo ilivyokuwa. Amesoma miaka yote ile, ana cheti chenye mhuri wa dhahabu, na hakuna aliyemwambia kwamba kaskazini na kusini zote ni K, na mashariki na magharibi zote ni M. Aliandika K akimaanisha kusini, alipofika kwenye kompyuta akaisoma kaskazini, akauchukua uwanja wa Mwanza pamoja na ghala langu akaupeleka Uganda, huko juu kabisa kwenye nyasi. Ile M bahati ilimwangukia, angeikosea nayo tungeruka kutoka katikati ya bahari. Mimi wa darasa la nne nimeuza barafu kaskazini na kusini ya mkoa huu na sijawahi kupeleka lori kwenye K.

Nilikuwa natafuta la kumwambia, la kumtosha mpaka afike Dar nalo, niliposikia korido inacheka. Mama mkwe alikuwa anacheka mpaka anashika nyonga, anasema aii, anacheka tena. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kwa desturi yetu hata sikutakiwa kumsikia.

Alipotulia akasema, "Mwambie mkwe wangu nimeona. Hata Mwanza yenyewe walikuwa hawaijui iko wapi. Kapotea mpaka nchi ya watu, na hakuanguka. Kalitafuta ziwa kalipata, kashuka mzima. Mimi nilikuwa naogopa kupotea tu. Kumbe ukipotea unatua kwa jirani."

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo unapanda, mama?"

"Napanda. Lakini lubani asiwe mkwe wangu, na huyo mwenye tai asiguse kitu."

Nililipokea kama lilivyo. Padri alikuwa ameshindwa, daktari ameshindwa, mimi nimeweza. Watu walipokuja kuuliza baadaye nimeweza vipi, niliwaeleza nilivyotua, na habari za K sikuona sababu ya kumtia mtu kizunguzungu nazo. Mtaalamu aliuhamisha uwanja siku ileile kabla sijamruhusu kuondoka, na alinawa mikono mara mbili.

Mama mkwe alisafiri na mke wangu wiki iliyofuata. Mke wangu anasema kabla ndege haijaondoka mama alimwita yule binti anayehudumia abiria, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, nenda kamuulize lubani, Dar kaiandika K gani." Binti akadhani anataka kahawa, akamletea.

Alirudi anatembea kwa fimbo. Alipitia nyumbani, akasimama kwenye korido palepale, kanga kwenye nyusi, na mimi sebuleni nimempa mgongo. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akamwambia mke wangu, kwa sauti ambayo hata jirani mwalimu angeisikia kwenye uzio wake:

"Mwambie mkwe wangu nilichungulia dirishani wakati wa kushuka. Ziwa lipo, mahali pake. Ghala sikuliona."