Gari Lililopakwa Samli

Wegesa alikuwa mwanamke wa ng'ombe. Tangu aolewe Butiama akitokea kwao Nyamuswa, mikono yake haikujua kupumzika: asubuhi inakamua, mchana inatikisa kibuyu cha maziwa, jioni inaipaka samli ngozi ya kulalia isije ikakauka na kupasuka. Ukimsalimia kwa mkono, unaondoka na harufu ya maziwa.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Abraham. Yeye ng'ombe hakuwataka. Alishuka kwenye mashimo ya dhahabu kule Buhemba, na mambo yalipomnyookea akarudi nyumbani na gari la mbio alilolinunua Musoma kwa mtu aliyekwisha kulichoka. Jekundu, milango miwili, la chini mpaka mbuzi walikuwa wanalichungulia kwa juu. Lilikuwa la zamani lakini liling'aa. Aibu yake ilikuwa ndani. Dashibodi ilikuwa imepasuka ufa mrefu kuanzia kwenye usukani mpaka upande wa abiria, na nyufa ndogo zimetambaa pembeni kama mizizi, sponji la njano linachungulia.

"Nipeleke kanisani basi," Wegesa alimwambia Jumapili ile ya kwanza. Alikuwa ameshajifunga kitenge chake kipya.

"Bado, mama. Nikupandishe wewe kwenye gari lenye uso uliopasuka? Watu watasema nini? Nikishaifunika hiyo dashibodi, abiria wa kwanza ni wewe."

"Kwani imepatwa na nini?"

"Jua. Si ni kama ngozi tu? Likiipiga sana inakauka, inapasuka."

Wegesa akaenda kanisani kwa miguu, huku anacheka peke yake. Alidhani Jumapili ziko nyingi.

Hazikuwa nyingi. Abraham alirudi Buhemba, lakini vumbi la mashimoni lilikuwa limeshamwingia kifuani. Kikohozi kikamrudisha nyumbani, gari likasimama uani kando ya zizi. Mwanaye akiwa amelala ndani, Wegesa alilitazama gari likiungua na jua, na yale maneno yakamrudia: ni kama ngozi tu. Sasa kwa ngozi, nani wa kumfundisha yeye? Akachota samli kwa vidole, akafungua mlango, akaupaka ule ufa polepole mpaka ndani, kama unavyompaka mtoto mchanga utosini.

Siku Abraham alipotolewa nje kuota jua alinusa, akageuka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Mama! Umelipaka gari mafuta kama umelizaa wewe?"

"Nimekuzaa wewe. Chako ni changu."

"Haya, paka tu. Naona linaanza kunenepa."

Ndicho kicheko chake cha mwisho ambacho mama yake alibaki nacho. Walipokwisha kumzika, Wegesa aliendelea. Kila alipotoa samli mpya, ya kwanza ilikuwa ya gari. Majirani waliona wakanyamaza. Mtu aliyefiwa haulizwi mikono yake inafanya nini.

Kiangazi kilichofuata alikuja Matiko, mtoto wa kaka yake, dereva wa malori. Akahangaika na injini mpaka ikawaka.

"Shangazi, panda sasa nikuzungushe."

"Sipandi. Alisema mpaka ifunikwe."

Kwa hiyo safari ya kwenda kwa fundi ilikuwa ya ajabu. Matiko aliliendesha gari tupu mpaka Bunda, na shangazi yake akamfuata na basi. Fundi mwenyewe alikuwa Enoka wa Manyamanyama, mshonaji wa viti vya magari. Alipoingiza kichwa tu ndani akakitoa.

"Nyie, mlibebaga ndama humu? Mbona linanuka maziwa?"

Matiko akacheka. Wegesa hakucheka.

Enoka alipima, akakata ngozi ya bandia nyeusi, akaishona kwa uzi mwekundu, akapaka gundi, akaibandika. Wegesa alilala kwa ndugu hapo Bunda. Alipokuja asubuhi alikuta ile ngozi imebanduka yote, imejikunja juu ya usukani kama jani lililonyauka.

"Mama, hii ilipakwa nini?"

"Samli."

"Mara moja?"

Wegesa akatazama chini. "Mpaka juzi nilikuwa naipakaga."

Enoka akafuta mikono. "Mama yangu, hii siyo ngozi ya ng'ombe. Ni plastiki. Samli imepita kwenye ufa, imelowanisha sponji mpaka chini. Na gundi haishiki penye mafuta."

"Kwa hiyo nimeiharibu mimi."

"Ufa ni wa jua. Wewe umeifanya gundi isishike." Akaona uso wake, akalainisha sauti. "Nisikilize. Niibandue hii ya zamani yote niitupe, nianze upya. Hapo itadumu."

Wegesa aliingiza mkono dirishani, akaigusa dashibodi karibu na usukani, mahali palipolainika.

"Hapa ndipo alipokuwaga anaweka mkono wake," alisema. "Ukiitupa hii, utakuwa umefunika nini?"

Fundi akachukua kitambaa. "Basi nitaisafisha kwa petroli, niibandike ngozi mpya juu yake. Lakini sikuapii, mama. Jua la mchana likiipata, itanyanyuka."

"Ibandike."

Siku ya tatu ilikuwa tayari: nyeusi, laini, uzi mwekundu umenyooka, ufa hauonekani kabisa. Matiko akafungua mlango wa abiria, akainama kama anampokea bibi harusi. Wegesa akapangusa miguu, akaingia, akakaa. Kwa mara ya kwanza.

Mpaka wanatoka Bunda mjini alikuwa anatabasamu. Kisha jua likaingia kwenye kioo cha mbele. Kabla ya Kiabakari ngozi ilianza kunyanyuka, kwanza pembeni, halafu katikati, ikiufuata ufa ule ule. Harufu ya maziwa ikajaa garini.

"Turudi kwa fundi, shangazi?"

"Endesha."

Akaweka viganja vyote viwili juu yake, akabonyeza. Ilikuwa ya moto.

"Utaungua, shangazi."

Alipobonyeza ililala. Alipolegeza ilipanda tena taratibu, kama kifua cha mgonjwa aliyepitiwa na usingizi. Akabonyeza tena. Machozi yalimshuka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Walipoingia uani Butiama, Matiko akazima gari, akazunguka kumfungulia mlango. Wegesa hakushuka. Mikono yake ilikuwa pale pale.

"Lisogeze kivulini kwanza," alisema.