Atestasio ya Mvua

Wasiomjua Liévin husema ni mtu wa kiburi. Waongo wakubwa! Liévin ni mtu wa hasira, na hasira yake ana haki nayo yote. Miaka thelathini na mmoja amefyatua matofali pembezoni mwa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na nusu ya nyumba ambamo watu hukaa wakimsengenya zimejengwa kwa udongo alioukanyaga yeye. Hilo peke yake lingemtia mtu mwingine wazimu.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, Mluba wa kaskazini, Mkatoliki wa kila Jumapili, na alitaka mwanawe naye avae kofia ya reli. Treni zikapungua, kazi ikafa, Liévin akateremka kijitoni na jembe na forma ya mbao. Kazi yenyewe mnaijua? Mwezi wa tano, mvua ikishakwisha, unachimba udongo, unaumwagia maji, unaukanyaga kwa miguu mitupu katika ile baridi ya asubuhi ya Lubumbashi inayouma vidole. Unajaza forma, unapindua, tofali moja. Unajaza tena, unapindua, la pili. Ukifika mwezi wa tisa unayo elfu ishirini, yamekauka juani lakini bado mabichi, na maji yakiyagusa yanarudi kuwa matope. Ndipo unayapanga yawe tanuru refu kuliko nyumba, unaacha matundu chini ya kutilia kuni, unachoma siku tatu. Mvua ikikuwahi kabla ya moto, mwaka wako wote umekwenda na maji. Kwa hiyo ndiyo, kila mfyatua matofali anaomba moyoni mvua ichelewe kidogo. Liévin naye aliomba. Lakini kuomba si kuifunga mvua kwa uchawi.

Haya, nenda ukawaambie hivyo watu wa Katuba.

Mwaka ule mvua ilikataa. Mwezi wa kumi ulikwisha mkavu, wa kumi na moja ukaingia mkavu, jua linachoma visogo, vumbi jekundu limekaa mpaka ndani ya bukari, ugali wetu. Watu walikuwa wamelima mashamba yao ng'ambo ya kijito na mahindi ya mbegu yamo ndani ya mifuko yanangoja. Na tanuru la Liévin lilikuwa limesimama pale pale, limepangwa, halijawashwa. Lilikosa kuni. Zamani alikata miti hatua mia moja kutoka kijitoni. Siku hizi mti haupo, na lori linazifuata kuni kwenye njia ya Kasenga, karibu na Kasomeno, na lori lile lilikuwa limevunjika ekseli. Watu hawakuona ekseli. Waliona tanuru linangoja moto na mvua inangoja tanuru, wakapiga hesabu yao.

Aliyeipiga kwanza ni Mama Dorcelle, kiongozi wa kina mama wenye mashamba, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu. Alisimama juu ya ukingo, mikono kiunoni.

"Liévin! Fungua mvula yetu!"

"Mama Dorcelle, miye niko mutu wa matofali. Mvula iko ya Mungu."

"Usimutaje Mungu! Mbegu zetu panya beko banazikula mu nyumba, na tanuru yako iko pale, kavu. Juu ya nini iko kavu?"

"Juu mvula haiyanyesha!"

"Mumesikia?" Mama Dorcelle aliwageukia wenzake. "Anajua mwenyewe!"

Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Liévin alimtukana, na kwa kumtukana akazidi kujiharibia. Kuanzia siku ile hakuna aliyemsalimu. Mkewe, Simone, alikwenda sokoni kununua samaki, muuzaji akafunika beseni na kusema wamekwisha, na mikia inaonekana. Asubuhi moja walikuta pembe ya tanuru imepigwa mawe, matofali sitini hivi yamevunjika. Simone alilia. Liévin hakulia, aliokota vipande kimoja kimoja na kuapa kwamba atakayemkamata atamla mbichi.

Kisha ukaja ujumbe wa Zéphirin, shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Jumapili, baada ya misa, Liévin ajisafishe mbele ya watu. Asipojisafisha, tanuru litafunguliwa tofali kwa tofali mpaka kionekane alichokizika ndani. Tanuru bichi likifunguliwa na watu mia wenye hasira, halifungwi tena. Mwaka umekufa, na jina pia.

Sasa, mtu wa Lubumbashi anapobanwa hakimbilii kisu wala mganga, anakimbilia karatasi. Tuna atestasio ya kuzaliwa, atestasio ya mwenendo mwema, atestasio ya kupotelewa na atestasio. Liévin alikaa usiku mmoja akafikiri: kama serikali inaweza kuandika kwamba mimi ni hai, basi lazima yuko mtu anayeweza kuandika kwamba sikufunga mvua. Na akamkumbuka Mwalimu Sylvain.

Mwalimu Sylvain alikaa Kampemba. Alifundisha jiografia mpaka meno yakamtoka, na alipostaafu aliondoka na muhuri wa shule mfukoni, hakuna aliyethubutu kumdai. Uani kwake palikuwa na kopo la bati juu ya kigingi, na kila asubuhi saa kumi na mbili alipima maji yaliyomo na kuyaandika daftarini. Miaka ishirini na saba hakuruka siku. Alikuwa mzee mwenye roho ya pilipili. Liévin alimweleza shida yake, mzee akamsikiliza hadi mwisho bila kumpa kiti.

"Kwa hiyo unataka cheti cha kutokuwa mchawi."

"Ndiyo, Mwalimu. Na kashe, ule muhuri wako."

"Mjinga weye. Na bale banaokushitaki, bajinga mara mbili. Kaa chini."

Akamweleza, kwa ukali, kama anavyowaeleza wote. Mvua ya Katanga haikai Katanga. Jua linapohamia kusini, mwezi wa tisa na wa kumi, ardhi yetu inapata moto, hewa inapanda, na upepo wenye maji unavutwa kutoka msituni kaskazini na kutoka bahari mbili, ya magharibi na ya mashariki. Ule mkanda wa mawingu unalifuata jua kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Jua likirudi kaskazini, mkanda nao unarudi, na sisi tunabaki na kiangazi. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya Liévin, na kabla ya babu wa Liévin.

"Basi mwaka huu mukanda umekwama wapi?"

"Kuna bahari kubwa kupita zote, mbali sana, upande wa pili wa dunia. Miaka fulani maji yake yanapata moto zaidi, na upepo wa dunia nzima unapoteza njia. Hiyo ni ya zamani, inakuja na kwenda. Lakini sasa kuna ya pili." Alifungua daftari, akagonga kurasa kwa ukucha. "Angalia. Nilipoanza, mvua ya kwanza ya kweli ilikuja katikati ya mwezi wa kumi. Siku hizi ni katikati ya kumi na moja, na ikija inamwaga siku moja maji ya wiki mbili. Juu ya nini? Wazungu na Wachina na kila mwenye mashine wamechoma makaa ya mawe na mafuta miaka mia mbili. Moshi ule una hewa isiyoonekana, inafunika dunia kama kifuniko cha sufuria, joto halitoki. Na hewa ya moto ina kiu, inakunywa maji na kuyashika muda mrefu, ikiyaachilia inayaachilia yote pamoja."

Liévin akapumua kwa raha. "Kumbe beko Wazungu! Andika hivyo, Mwalimu."

"Sijamaliza. Kuni zako zinatoka wapi?"

"Njia ya Kasenga, Mwalimu."

"Muti unanyonya maji chini, unayapumua juu kwa majani. Maji yale yanakuwa mawingu tena, yananyesha mbele. Sisi tuko mbali na bahari, sehemu ya mvua yetu ni pumzi ya miti. Weye umechoma miti mingapi, miaka thelathini na moja?"

"Miye peke yangu? Mutu moja?"

"Weye ni tone. Makala ya Lubumbashi nzima, makaa ya kupikia, ndiyo ndoo. Lakini tone si sifuri, na miye siandikaka uongo."

Na aliandika vyote, kwa Kiswahili safi, pande mbili za karatasi. Upande wa kwanza: jua, mkanda, bahari, kifuniko. Upande wa pili: miti. Liévin alimsihi aufute upande wa pili. Alisihi, akakasirika, akasihi tena. Mzee akagonga muhuri chini kabisa, upande wa pili, makusudi, ili anayetaka muhuri ausome na upande ule. Liévin angeiacha karatasi pale pale. Lakini ilikuwa na muhuri, jamani! Muhuri mzima, wa rangi ya zambarau, wa mviringo. Aliibeba akijiambia kwamba watu hawana subira ya kusikiliza kurasa mbili.

Jumapili uwanja wa shefu ulijaa. Zéphirin aliitazama karatasi, akaugusa muhuri kwa kidole, na uwanja ukatulia. Kweli, dakika chache Liévin aliamini amepona. Zéphirin alisoma kwa sauti habari za jua na bahari mbili, watu wakaitikia kwa vichwa, hata mwanamke mmoja akasema "kumbe." Simone alimshika mumewe mkono. Kisha Zéphirin akageuza karatasi.

"'Pia ni kweli,'" akasoma, "'kwamba miti iliyochomwa katika matanuru ya matofali, likiwemo la mtajwa, imepunguza mvua ya nchi hii...'"

Hakufika mwisho. Mama Dorcelle aliruka kama amekanyaga siafu.

"Amekubali! Mu karatasi yake mwenyewe! Na kashe!"

"Soma inayofuata!" Liévin alipiga kelele. "Inayofuata inasema makala! Nani hapa anapikia upepo? Weye, Dorcelle, mbabula yako ya kupikia inakula nini, majani ya chai? Kila siku munachoma musitu, asubuhi na mangaribi, na munakuja kunitafuta miye! Kama miye nimefunga mvula, tumeifunga wote!"

Alisema ukweli, na hakuna aliyewahi kupigwa kwa uongo kama yeye alivyopigwa kwa ukweli ule. Walisikia "nimefunga mvula," basi. Mengine yote hawakutaka kuyasikia. Walimwangusha, wakamkanyaga mbavu, wakamwacha Simone akimfunika kwa mwili wake, wakateremka kijitoni. Walilibomoa tanuru kutoka juu. Walitafuta pembe, kitambaa, mfupa, chochote. Hawakupata kitu. Basi kwa kuwa hawakupata, kina mama walichota maji kwa ndoo na kumwagia matofali yote, ili dawa itoke. Elfu ishirini. Kufikia jioni ilikuwa kilima cha matope, kama vile mtu hakuwahi kufanya kazi hapo.

Na Jumanne mvua ikanyesha.

Mungu nisamehe, lakini huo ulikuwa ukatili. Mkanda ulikuwa njiani siku zote, ulishapita Kasomeno tangu Jumamosi, tanuru au bila tanuru ungefika. Nani wa kuwaambia? Katuba nzima ilipiga vigelegele. Watu walisimama chini ya maji wakicheka na kuonyesha nyumba ya Liévin kwa kidole. Yeye alikuwa kitandani, mbavu zimefungwa kitambaa, anasikiliza mvua ikimshitaki juu ya mabati. Ningekuwa mimi ningehama usiku huo huo.

Wote wakapanda, siku ileile na kesho yake, mbegu zote, hawakubakiza hata konzi. Mahindi yakaota mazuri, vidole viwili juu ya ardhi. Kisha mbingu ikajifunga. Wiki moja, mbili, tatu. Siku ishirini na nne bila tone. Mahindi yakageuka manjano, yakajikunja, yakafa yamesimama, na safari hii kijitoni hapakuwa na tanuru la kubomoa.

Siku ya ishirini na tano mtu alibisha hodi. Simone alifungua, akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa Mama Dorcelle, amevaa kitenge cha kwenda kanisani, kuku mweupe kwapani. Alipiga goti. Mwanamke yule, goti!

"Papa Liévin. Tulikukosea. Turudishie mvula."

Kwa miaka yote hakuwahi kumwita papa. Liévin aliinuka akiushika ubavu.

"Mama, miye sina mvula. Sijakuwa nayo hata siku moja."

"Ndiyo, papa."

"Mwalimu aliandika. Ni jua, ni bahari, ni moshi."

"Ndiyo, papa."

"Mulivunja tanuru yangu bure! Munasikia? Bure!"

"Ndiyo, papa. Uko na haki ya kukasirika. Bantu bote banasema, angalia hasira ya Papa Liévin, siku ishirini na ine. Mutu mwenye nguvu."

Liévin alimtazama machoni, akaona hakuna mlango wa kuingilia. Angeweza kusema mpaka koo likauke, mama yule angejibu ndiyo papa, na angeamini yale yale. Mtu asiye na hatia haletewi kuku mweupe. Aliichukia sura ile kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote duniani. Lakini aliona pia vidole vya mama yule, vimepasuka kwa jembe, na akajua kwamba nyumbani kwake kuna mfuko mmoja wa mwisho wa mbegu za kuazima, na kwamba tone la kwanza likianguka atauzika wote.

"Sikiliza," akasema, kwa sauti ya Mwalimu Sylvain. "Mvula ya kwanza ikianguka, musipande. Ya pili, musipande. Chimba na mukono. Udongo ukilowa mpaka kwa kiwiko, ndiyo mupande. Nusu tu ya mbegu. Ingine muchunge."

"Mpaka kwa kiwiko," Mama Dorcelle alirudia polepole, macho chini, kama anayepokea komunyo. "Bote bataitika, papa. Hakuna atakayekukatalia tena."

Alimweka kuku kizingitini, akarudi nyuma bila kumpa mgongo. Nje, majirani waliokuwa wanachungulia kwenye nyua zao waliinamisha vichwa Liévin alipotokea mlangoni.

Simone alikuwa amesimama kando ya mbabula, iliyokuwa haina moto tangu juzi. "Tukimukula huyu kuku," akasema taratibu, "tumekubali."

Liévin alikaa chini. Alimvuta yule kuku karibu kwa mguu.

"Muchinje," akasema.