Kifuniko Kisicholia

Saa moja asubuhi, sufuria kubwa linatokota jikoni kwa Mama Chupa, na redio inaimba. Mwaka jana, saa kama hii, mtu aliyethubutu kuwasha redio humu ndani angetolewa kwa mwiko.

Mama Chupa anaopoa chupa ya kwanza kwa koleo na kuiweka juu ya taulo mezani. Ndani yake mna rojo la nyanya. Mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mto, anaishika kwa kitambaa, anakaza mkanda wa chuma unaobana kifuniko na kuisogeza kando. Inakuja nyingine.

"Taratibu, mama, zina moto," anasema Mama Chupa, kwa sauti ya juu kidogo.

"Na mimi nina kitambaa," anajibiwa.

Jina la Mama Chupa amepewa na mtaa, naye hajalikataa. Nyanya zikifurika sokoni mpaka wauzaji wanawabembeleza watu wazichukue, yeye ndiye anayezichukua. Huzisaga, huzichemsha, hukamua limao, hujaza chupa za kioo, kisha husubiri. Nyanya zikiadimika, majirani, mama lishe na mpishi wa shule moja ya jirani humiminika mlangoni kwake. Masharti yake ni mepesi: leta chupa tupu, uchukue iliyojaa.

"Kazi hii imesomesha watoto wawili na kuezeka nyumba upya," anasema. "Utajiri sijauona, lakini sijawahi kugonga mlango wa mtu kuomba chumvi."

Ujuzi wote aliupata kwa huyu bibi wa kwenye kiti. "Nilipoolewa nilikuwa najua kupika chai tu," anakiri huku akicheka. "Na chai yenyewe mume wangu aliinywa kwa upendo."

Roho ya kazi hii iko kwenye kifuniko. Chupa ikichemshwa, hewa iliyomo hutoka. Ikipoa, kifuniko huvutwa ndani na kushika. Kisiposhika, chakula huchacha, na atakayekila anaweza kuamkia hospitali.

"Mteja hanioni nikipika," anasema Mama Chupa. "Anakula kwa kuniamini. Siku akiugua mtoto wa mtu kwa chupa yangu, hata mkinisamehe nyote, mimi nitakuwa nimekwisha."

Kwa miaka mingi walitumia vifuniko vya bati jepesi. Ni rahisi, lakini ni vya safari moja: ukishakifungua, unatupa. Bati likishika hubonyea katikati na kutoa mlio mdogo, ti, na kwa mlio huo nyumba hii iliishi. Chupa zikitoka motoni, redio ilizimwa, watoto walipelekwa uani, na bibi alikaa mezani akisikiliza. "Hii tayari. Ile bado." Nyumbani walimwita Sikio.

Kubonyeza kwa kidole alikataza kabisa. Bati lenye joto ukilibonyeza huweza kubaki chini ukadhani limeshika, kumbe limekudanganya. "Kidole kinadanganyika," aliwafundisha wote. "Sikio halidanganyiki."

Basi ndipo siku moja mpishi wa shule akarudisha chupa ambayo hakuifungua. Kifuniko kilikuwa kimevimba, na povu linachungulia pembeni. Mama Chupa akaenda rafuni, akakuta nyingine za aina hiyo, zote za siku moja ya upishi.

"Nilikaa chini palepale, sakafuni."

Alimwaga upishi wote wa siku ile, mbovu na nzima. Halafu akaanza kukumbuka. Siku ile chupa zilipotoka motoni, yeye hakuwapo jikoni. Kulikuwa na mgeni getini, mwenye maneno mengi, na bibi alibaki peke yake na meza. Jioni akafanya jaribio ambalo mpaka leo analionea haya: aliangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya mama mkwe wake. Bibi hakugeuka.

"Sasa wewe niambie," ananiuliza mimi mwandishi, mikono kiunoni. "Utamwambiaje mama mkwe wako kwamba hasikii? Mtu aliyekupa kazi, umwambie atupishe?"

Hakumwambia. Akawa anaamka kabla ya wenzake, ananyata mpaka rafuni, anabonyeza vifuniko vilivyokwisha kupoa, kimoja kimoja, na kuzificha chupa zisizoshika. Mchana bibi anasema, "Hii tayari," naye anaitikia, "Ahsante, mama." Heshima ina gharama zake.

Hali hiyo haikudumu. "Nilimkuta kainama kama mwizi wa sukari," anaeleza bibi, akinitazama midomo kwa makini kila ninapouliza. "Nikamwambia, mwanangu, inuka, mgongo utakuuma. Unadhani mimi sijijui? Mlio huo niliacha kuusikia zamani."

Alikuwa anajuaje, basi?

"Nilikuwa namtazama huyu. Kifuniko kikilia, mabega yake yanashuka. Yakishuka, nasema tayari."

Na siku ya mgeni wa getini hapakuwa na mabega ya kutazama. Bibi aliona aibu kuomba msaada, akasema tayari kwa chupa zote. "Mficha uchi hazai," anasema. "Wangapi nimewaambia maneno hayo, na mimi mwenyewe nimeficha."

Mama Chupa anakumbuka kwamba walilia, kisha chai ikafurika jikoni ikabidi waache kulia.

Ilibaki kuamua. Mume wake, fundi baiskeli mwenye majibu ya mkato, aliona jambo ni dogo: bati ni rahisi, zikipoa zibonyezwe asubuhi, biashara iendelee. Na kwa kweli hakukosea. Lakini kazi ya kidole ilimtosha mtu mmoja, na bibi, ambaye maisha yake yote hakukiamini kidole, angesogezwa kwenye kumenya vitunguu.

"Angemenya, hana kinyongo," anasema Mama Chupa. "Ila mimi ningeshindwa kumtazama."

Dukani aliwahi kuona vifuniko vya namna nyingine: vigumu, vyenye pete ya mpira inayotoka. Unaviosha, unavitumia miaka, unabadilisha mpira tu ukilegea. Bei ya kimoja inanunua bati pakiti nzima. Havilii hata kidogo. Vikishapoa, unafungua mkanda, unashika kifuniko chenyewe na kunyanyua chupa. Ikining'inia, imeshika. Akaahirisha kununua jiko jipya, akanunua hivyo.

Upishi wa kwanza ulikuwa msiba mdogo. Mikono yao ilikuwa imezoea sheria ya bati: chupa ikitoka motoni usiiguse, maana ukikaza unaharibu. Vya mpira ni kinyume chake. Hulegezwa kidogo vikiwa motoni ili hewa itoke, kisha hukazwa mara tu vinapotolewa. Wao wakaviacha kwa adabu zote. Kesho yake bibi alinyanyua, kifuniko kikabaki mkononi na chupa ikabaki mezani. Hivyo hivyo karibu meza nzima. Fundi baiskeli hakungoja kuulizwa maoni yake.

Tangu hapo kukaza ni kazi ya bibi. Kuna kiasi chake, na kiasi hicho anacho yeye kiganjani. Kunyanyua pia ni kwake. Bati hazijafukuzwa: mteja wa safari asiyeweza kurudisha chupa hupewa ya bati, na kidole hubonyeza mchana kweupe, mbele ya kila mtu.

Msimu mkubwa wa nyanya unakaribia, na mara hii Mama Chupa ana mpango mpana zaidi. Anataka kuwafundisha wanawake wa mtaa, hapahapa jikoni, ili nyanya za sokoni zisiozee chini. Mwalimu wa vifuniko ameshapatikana.

"Watakaa kimya?" anauliza bibi.

"Watapiga kelele, mama. Watacheka mpaka paa litoke."

"Basi wapige."

Kwenye meza ya pili zimepangwa chupa za jana, zimepoa. Mama Chupa anageukia karo kuosha sufuria, maji yakimwagika, redio ikiimba. Zamani, chupa zikiwa mezani, asingeweza kumpa mama mkwe wake mgongo; mabega yake yalikuwa na kazi. Bibi anafungua mkanda, anashika kifuniko kwa ncha za vidole na kunyanyua. Chupa inapanda nacho.

"Imeshika," anasema, bila kumtazama mtu.