Akina Ondiek Tisa

Kila asubuhi Seline, karani wa ufuo wa Dunga, aliandika kwenye kompyuta jina la kila nahodha na upande wa ziwa anakokwenda kutega samaki. Alikuwa amejifunza maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa maagizo ya kompyuta yaliyo tayari, inayowezesha kubadili jedwali zima kwa agizo moja tu. Nahodha mmoja, Mzee Ondiek, alipofariki, asubuhi moja baada ya kuandika safari za siku hiyo akaagiza: futa mistari ya Ondiek. Kumbe manahodha wa jina hilo walikuwa tisa, maana kwetu watoto wengi hupewa jina la marehemu mmoja wa ukoo.

Mchana huohuo ziwa likachafuka, na mashua ya Ondiek kijana haikurudi. Waokoaji wakamuuliza Seline waende upande gani.

“Soma basi, nyathina, mwanangu,” mama yake Ondiek akamsihi.

Seline akatafuta jedwali lote; hapakuwa na Ondiek hata mmoja.

“Nimemfuta, Mama. Mimi mwenyewe.”

Waokoaji wakawasha injini, wakaenda kwa kubahatisha.